Tuzo ya utafiti wa afya iwepo pia kwa Kiswahili

Mhariri,

Tangu ianzishwe mwaka 2011, Young Scientists Tanzania, taasisi inayoandaa mashindano ya sayansi, imewapa wanafunzi wa sekondari jukwaa la kuonyesha tafiti zao, zikiwemo za afya ya jamii. Nawapongeza kwa dhati.

Ila kuna jambo linaniuma. Mwanafunzi wangu anayechunguza visima vya mtaani kwao kwa hofu ya kipindupindu huwahoji mama lishe na wachota maji kwa Kiswahili, kisha huandika ripoti kwa Kiingereza. Waliompa majibu hawaisomi kamwe.

Waandaaji wa mashindano ya aina hii watenge tuzo ya ripoti bora ya Kiswahili. Kurasa mbili zinatosha, na nakala ibandikwe zahanati na ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro