Barua kwa binti yangu anayekwenda Moroto

Busia, Jumamosi usiku

Mwanangu mpendwa,

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu, kila nikifikia neno hili, unaniambia mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Jumatatu unapanda basi la Mbale, na sitaki uende huko Moroto, Karamoja, na lile neno ulilolisema siku ya Pasaka, nilipokuomba utuongozee sala ya chakula ukakataa. Ulisema, "Yesu ni Mungu, Mama. Hajui zamu ya usiku." Kisha ukanawa mikono, ukala. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Najua lilikotoka. Yule mama aliyewafia wodini sina haja ya kumtaja tena, wewe ndiye uliyemshika. Sikulaumu kwa kuchoka. Nakulaumu kwa kumweka Yesu juu kabisa kama daktari mkubwa anayesoma mafaili tu, hajagusa mgonjwa.

Wewe ni mkunga. Basi nikuulize kikunga: yeye alikujaje? Alikaa tumboni miezi tisa kama hao unaowapokea kila siku. Alivishwa nguo za kitoto, akalazwa kwenye hori la kulia ng'ombe. Shingo yake ililegea kama ya kila mtoto mchanga, ikataka mkono wa mtu wa kuishika. Alinyonya. Huyo ndiye unayesema hajui?

Na huyo huyo ni Mungu, si mwingine. Padre alitueleza kwenye mafundisho ya Majilio kwamba mwaka 431 maaskofu walikutana Efeso, kwa kuwa kulikuwa na waliokataa Maria asiitwe Mama wa Mungu. Walitaka aitwe mama wa Kristo tu, kana kwamba mtoto aliyempakata ni mtu mmoja, na Mungu ni mwingine, jirani yake tu. Kanisa likakataa. Miaka 20 baadaye, mwaka 451, wakakutana tena Kalkedoni wakaliweka wazi: Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kutengana. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hili halikunichukua muda, maana nimezaa. Mwanamke hazai asili, anazaa mtu. Mama akikuuliza wodini amezaa nini, humwambii amezaa mwili. Unamwambia amezaa binti, au mvulana, na tayari yule mtoto ni mtu kamili mwenye jina lake.

Kila unaposema "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee", unalisema lile la Efeso. Bado unalisema? Usinijibu kwa kunifurahisha.

Kaka yako wa Kampala naye kaangukia upande wa pili. Kwake Yesu alikuwa mwalimu mwema, mtu wa watu, basi. Nilimwambia: mtu mwema atakuja matangani, atalia nasi, atakula, ataondoka, na Lazaro atabaki kaburini. Someni Yohana sura ya 11, wote wawili, lakini wewe zaidi. Martha anamlaumu Yesu usoni kwamba angalikuwapo, ndugu yake hangalikufa. Hakugombezwa. Yesu akalia machozi. Halafu akaita kwa sauti kubwa, na marehemu akatoka na sanda zake. Yale machozi na ile sauti vimetoka kwa mmoja. Hilo neno la Martha unalo tumboni mwako tangu siku ile ya wodi, nalo ni sala. Mwambie hivyo hivyo, kwa hasira hiyo hiyo.

Na ile mashua. Baba yako alikuwa akisema mtu hawezi kulala mtumbwini upepo ukivuma, labda awe amechoka hadi mifupani. Yesu alilala nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto, mawimbi yakiingia. Hakuwa akijifanya. Zamu ya usiku anaijua, mwanangu! Wakamwamsha kwa lawama, akaukemea upepo ukatulia. Aliyeamshwa ndiye aliyekemea. Ungempata aliyelala tu, mngezama pamoja. Ungempata wa kukemea tu, ungemwogopa.

Nadhani ulimwogopa kwangu. Ule usiku wa Majanji, kule ziwani, unaujua kuliko ninavyoweza kuuandika. Shemeji zangu walikuwa wamejaa uani, na nyavu zilikuwa hazijalipwa, na nilikuziba mdomo nikakwambia nyamaza, Yesu anakuona. Nililitumia sana neno hilo. Sukari ikipungua, Yesu anakuona. Ukichelewa kutoka mtoni, Yesu anakuona. Wakati ule sukari ilikuwa ghali. Lakini juzi nilipokuwa nasoma hapo alipolia mbele ya kaburi, na watu wakimtazama, nilifunga kitabu nikatoka nje kuwaangalia mbuzi.

Mbuzi yule mweupe amezaa wawili, mmoja amekufa. Paa la jikoni bado linavuja upande wa kuni. Ile pesa uliyotuma kwa simu nimelipa nusu ya ada ya mdogo wako, nusu nyingine mwalimu mkuu amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi. Usitume tena kabla hujapata mshahara wako wa kwanza, ukalala njaa huko. Sokoni nimewaonyesha wote picha yako ya sare. Mwenzangu wa meza ya mukene, wale dagaa wetu, akauliza mshahara ni kiasi gani, sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba huyo ni binti yangu, anapokea watoto.

Lakini misa ya kumwombea baba yako hukuja, na wewe ndiye uliyetembea na wenzako wa jimbo kuhiji hadi Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, ukarudi na malengelenge nikakukanda kwa maji ya chumvi. Hukutembea vile kwa ajili ya mtu asiyejua miguu inavyouma. Yeye naye alichoka kwa safari, akaketi kisimani Samaria saa sita mchana, akamwomba mwanamke maji ya kunywa. Kiangazi cha Karamoja maji ni ya taabu. Ukiwa kwenye foleni na jerikani lako, umfikirie hapo, ana kiu, na yeye ndiye aliyemwahidi yule mwanamke maji ya uzima.

Wanawake wa huko watakuita kwa lugha usiyoijua. Jifunze neno la "sukuma" na neno la "pole" kwanza. Usimpigie mgonjwa kelele hata ukichoka. Na usimtishe mtoto wa mtu kwa jina la Yesu.

Nimekufungia mukene kilo mbili waliokauka vizuri, unga wa muhogo, na ile blanketi ya kijani. Torchi ya sola iko ndani ya sufuria. Rozari ya baba yako nimeifunga kwenye kitambaa katikati ya nguo ili isishike harufu ya samaki, ingawa nahisi itashika tu, kama ilivyokuwa mikononi mwake.

Ukifika, tafuta misa iko wapi. Usiku wa zamu yako ya kwanza, kabla hujafungua mlango wa wodi, sema naye kidogo, hata kwa Kisamia chetu cha nyumbani, hata kwa kumlaumu. Halafu uniandikie. Usiniambie tu kwamba uko salama. Nataka kujua kama ulilia, na kama ulimwambia ni kwa nini.

Mama yako