Kwa Mjomba, kuhusu usiku ule wa Benghazi

Shikamoo Mjomba.

Tangu tuachane siku ya arobaini ya Bibi, maneno yako ya barazani hayajanitoka. Vijana walikuuliza kwa nini watu huvamia balozi za Marekani na kuchoma bendera zake. Ukawajibu kwamba lolote atakalosema msemaji wa serikali ile, ligeuze kinyume, hapo ndipo penye ukweli. Ukawapa mfano wa Benghazi. Mimi nilinyamaza. Haikuwa siku ya kubishana nawe, na nusu ya uliyosema ni kweli. Hiyo nusu nyingine ndiyo imenikalisha kuandika, tena hadharani, kwa kuwa najua kina mjomba wengi wanaosema hivyohivyo.

Pale penye haki yako nakupa. Tarehe 11 Septemba 2012, saa tatu na nusu usiku ikiwa imepita, watu wenye silaha waliingia kwenye ofisi ya kibalozi ya Marekani mjini Benghazi, Libya, wakaitia moto kwa dizeli. Balozi Christopher Stevens akafa kwa moshi pamoja na ofisa mwenzake, Sean Smith. Kabla hakujapambazuka makombora yakaua wengine wawili katika jengo la CIA, shirika lao la ujasusi, lililokuwa jirani. Jumapili iliyofuata, Susan Rice, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alipita kwenye vipindi vitano vya televisheni akieleza kwamba, kwa taarifa walizokuwa nazo, jambo lile lilizuka lenyewe, watu wakiiga waliyoyaona Cairo, ambako waandamanaji walikuwa wameukwea ukuta wa ubalozi kwa hasira ya video iliyomtukana Mtume.

Desemba mwaka huohuo, bodi ya uchunguzi ya Wizara yao ya Mambo ya Nje ikaandika kwamba Benghazi hapakuwa na maandamano yoyote kabla ya shambulio. Ikaandika pia kwamba ulinzi ulikuwa duni kupita kiasi. Aliyekuwa msimamizi wa usalama Tripoli alishaliambia Bunge lao kwamba aliomba walinzi zaidi akanyimwa.

Hapo ndipo ninapoumia, Mjomba, kuliko hata unavyoumia wewe. Simulizi ya video ilitufanya Waislamu tuonekane nyasi kavu: mtu anawasha kiberiti California, moto unawaka Libya. Ndani yake hamna siasa, hamna silaha zilizozagaa tangu Gaddafi aanguke, hamna vikundi vya wapiganaji vilivyogawana mji. Kuna umati tu wenye hasira. Na ukishasema umati umekasirika, nani tena atauliza aliyekataa kuongeza walinzi?

Lakini wewe hukuishia hapo. Uliwaambia vijana kwamba waokoaji waliamriwa wakae, ili balozi afe. Hilo lilichunguzwa. Novemba 2014, Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, ikiongozwa na watu wa chama cha Republican, wapinzani wa Rais Obama waliotamani sana kumkuta na kosa, ilisema haikuona amri ya namna hiyo. Na video nayo haikuwa uongo mtupu. Desemba 2013 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi wake, baada ya kuzungumza na Walibya waliokuwepo, likaeleza kwamba baadhi ya washambuliaji kweli walikuwa na hasira nayo. Sasa tukigeuza kinyume kila neno la Rice, hiki tunakiweka wapi?

Najua kutoamini kwako kulianzia wapi. Nilikuwepo. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, nilikuwa darasa la tatu Kinondoni vioo vilipotikisika. Mwalimu akatuambia ni transfoma. Ukaja umefunga duka, umepauka, ukanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Njiani ulikuwa ukirudia neno moja tu: boza, boza. Jioni ndipo tukaelewa kwamba lori la bomu lilizuiwa getini mwa ubalozi wa Marekani na boza la maji. Dar walikufa watu 11, hakuna Mmarekani hata mmoja. Nairobi, ambako ubalozi wao ulilipuliwa siku hiyohiyo, walikufa 213.

Siku 13 baadaye, Marekani ikarusha makombora kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, ikisema ni kisasi na kwamba kilihusika na silaha za kemikali. Ushahidi wake ulitiliwa shaka hata na wataalamu wa kwao, na mwaka uliofuata mali za mwenye kiwanda walizokuwa wamezizuia zikaachiwa. Ulisikiliza redio ile usiku kucha, ukasema, "Wametumia maiti zetu." Nilikuwa mtoto, lakini sauti yako naikumbuka.

Tena lipo jambo ambalo barazani hukuligusa, nami nadhani lina uzito kuliko lile la amri. Wakati ule wa 1998, aliyesimamia masuala ya Afrika katika Wizara yao ya Mambo ya Nje alikuwa huyuhuyu Susan Rice. Balozi wao wa Nairobi, Prudence Bushnell, alikuwa ameandika mara kwa mara kwamba jengo lake lilikuwa barabarani mno, halina usalama. Hakupewa jengo jingine. Bodi zilizochunguza zikaona mapungufu mengi, lakini hazikumtia hatiani mtumishi hata mmoja kwa kutelekeza kazi yake. Baada ya Benghazi, maofisa wanne walisimamishwa, kisha wakarudishwa kazini. Kwa hili huhitaji njama ya siri, Mjomba. Limo kwenye ripoti zao wenyewe, na linatuhusu sisi.

Kilichonifanya nisilale zaidi ni kwamba wewe na msemaji yule wote mmewaacha nje watu wa Benghazi. Walibya ndio waliomkuta Stevens katika kile chumba cha moshi, wakamtoa na kumkimbiza hospitali, madaktari wa palepale wakahangaika kumrudishia pumzi. Kesho yake watu wakasimama barabarani na mabango ya kusema wauaji hawawakilishi mji wao wala dini yao. Stevens alikuwa amefika kwao 2011 kwa meli ya mizigo, vita ikiendelea, na alizungumza Kiarabu chao. Ijumaa ya tarehe 21 Septemba, maelfu waliandamana wakaivamia kambi ya Ansar al-Sharia, kikundi kilichotajwa kuhusika, wakakifukuza. Baadhi ya watu waliuawa usiku ule katika purukushani na vikundi vya wapiganaji. Hao wote walikuwa na maelezo yao kuhusu kilichotokea. Washington ilizozana miaka minne, ripoti juu ya ripoti, na jina la Benghazi likawa silaha ya kupigania kura za watu ambao hawataiona Benghazi kamwe.

Nasi mwaka 1998 nani alitujia kutuuliza? Wewe ulifika getini kabla hakujazungushwa utepe. Ulimwona dereva wa boza asubuhi ile akipita dukani kwako, umeniambia mara moja tu, tena kwa kifupi.

Nakuja Idi, inshallah. Usiniandalie kitu. Nataka tukae sisi wawili barazani, vijana wakishalala, unisimulie ile Ijumaa tangu ulipofungua duka, nami niandike.

Wako mpwa.