Akiba ya mahindi ianzie kwenye kipima unyevu

Ndugu Mhariri,

Usalama wa nchi unapojadiliwa gazetini, tunasoma habari za mpaka wa Tunduma, magendo na doria. Sawa. Ila gunia la mahindi halitajwi, na huku nyanda za juu kusini ndiko linakotoka.

Azimio la Siasa ni Kilimo lilipitishwa Iringa mwaka 1972. Kabla halijazaa matunda ukame ukaingia, na kufikia 1974 Serikali ilikuwa inanunua nafaka nje hadi akiba ya fedha za kigeni ikakaribia kukauka. Dola iliyonunua unga haikununua dizeli, vipuri wala dawa za hospitali. Maendeleo yalisimama bila risasi kulia.

Leo tuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na maghala yake, la Makambako likiwemo. Lakini mahindi huharibikia njiani kabla ya ghala, kati ya shamba na mizani.

Unyevu unaokubalika hauzidi asilimia 13.5. Mkulima wa Mbozi au Mufindi aliyevuna mapema, kwa hofu ya wezi au kwa kubanwa na ada ya shule, huleta mahindi ya asilimia 18. Anakataliwa, na ni haki: yakipangwa hivyo hupata joto, huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikishaingia haiishi kwa kupikwa. Ubaya ni kwamba anaambiwa akiwa ameshalipa nauli ya fuso. Nani atarudi nayo nyumbani? Anamwachia dalali aliye getini, tena kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Kilo 100 za asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kama 95. Hizo tano ni maji, lakini asiyeelezwa huona ameibiwa, na msimu ujao hakaushi tena.

Nyumbani kuna kipimo cha chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa dakika tatu, iache itulie robo saa. Chumvi iking'ang'ania kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipong'ang'ania usishangilie, bado hujajua kama umefika 13.5. Anika juu ya turubai, unene usizidi sentimita nne, geuza kila saa, na funika kabla umande haujashuka. Lami si mahali pa kuanika, maana mnaokota mchanga na kinyesi cha mbuzi pamoja na punje.

Baridi yetu ya Juni na Julai huwaponza hata watunza ghala. Vidonge vya kufukizia, vya kuua wadudu wa nafaka, hutoa gesi polepole nyuzi joto zikiwa chini ya 15, hivyo turubai lililofunika magunia linapaswa kukaa siku saba hadi kumi. Likifunuliwa siku ya tatu kwa sababu lori limefika, mayai ya dumuzi, mdudu atoboaye mahindi, yanabaki hai ndani ya punje na kusafiri nazo hadi mkoa wenye njaa.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga ghala jingine kubwa, kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ipewe kipima unyevu kilichohakikiwa na maturubai ya kukopesha, vifike Mei, kijijini, mahindi yangali shambani.

Wasomaji wako,
Uyole, Mbeya