Kabla ya kuchomeka mashine ya kukimbilia, soma kibandiko

Jumamosi moja kirikuu ilisimama mbele ya duka na karakana yetu ya vifaa vya mazoezi hapa Sinza ikiwa na mashine ya kukimbilia nyuma, imefungwa kamba kama kitanda cha mtu anayehama. Mwenye mali akashuka, uso umemsawijika. "Fundi, nimechomeka tu, ikalia paa! Halafu moshi."

Tuliilaza ubavu, tukafuta vumbi kwenye kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. 120V, 60Hz. Mashine ilikuja na kontena la mtumba kutoka Marekani, na soketi ya nyumbani kwake, kama soketi zote za Tanzania, inatoa volti 230. Aliyemuuzia alikuwa ameshakata plagi ya zamani na kufunga ya pini 3, ikaingia ukutani bila ubishi. Ndani tulikuta kapasita za bodi zimepasuka na harufu ile ambayo fundi yeyote wa umeme anaijua. Mota ilipona. Bodi na transfoma vilimtoa pesa karibu sawa na aliyonunulia mashine yenyewe.

Kibandiko kinasomwa kwa sekunde 10. Mashine ya Marekani itakuwa na 110 au 120, ya Japani 100, ya Uingereza au Ulaya 220 hadi 240, na hii ya mwisho ndiyo isiyo na shida kwetu. Kama moyo umeshaangukia ya Marekani, chukua, lakini tafuta transfoma ya kushusha umeme inayolingana na kazi. Nguvu ya farasi 1 ni takriban wati 746, kwa hiyo mota ya farasi 2.5 ikikamuliwa inafika karibu wati 1,900. Transfoma ya wati 500, ile uliyonunua kwa ajili ya blenda ya shangazi, itachemka kabla hujatoka jasho. Weka ya wati 3,000. Ni nzito na inanguruma kidogo, basi itafutie kona yake ikae hapo hapo.

Na hizo farasi zenyewe zina ujanja wake. Boksi linaandikwa 3.5 HP kwa maandishi makubwa, kumbe ni nguvu ambayo mota inaifikia kwa muda mfupi tu. Muulize muuzaji nguvu ya mfululizo, yaani ile ambayo mota inaweza kuibeba muda wote bila kuchoka. Kwa kutembea tu, 1.5 hadi 2 inatosha. Kwa kukimbia, usishuke chini ya 2.5. Muuzaji akikosa jibu, au akikujibu "hii ni kali sana kaka", chukulia kwamba ni ya kutembea.

Kisha uzito wako. Ukikimbia, kila mguu unapotua unabeba mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 98 kwenye mashine iliyoandikwa kilo 100 anaitafutia msiba. Acha nafasi ya kilo 20. Wateja wetu wengine hupunguza kilo chache wakitaja uzito wao, kwa aibu tu. Dukani kuna mizani, na hatumwambii mtu.

Sasa tuseme neno linalotupunguzia mauzo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Zile dakika 150 barabara ya mtaani kwako inakupa bure, asubuhi kabla ya vumbi na bodaboda. Siku 2 za misuli ndizo zinazotaka kitu cha kubeba. Kwa hiyo mtu akituambia anataka kuondoa kitambi na ana bajeti ndogo, tunampeleka kwanza upande wa vyuma. Mashine ya kukimbilia tunamuuzia mwenye sababu: mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kutoka, anayerudi kazini saa 3 usiku, aliyekatazwa na daktari kukimbia juu ya lami, anayeishi mahali ambapo masika yakiingia njia inageuka mto.

Kwenye vyuma, kosa linaloturudia ni tundu. Sahani za uzito zina tundu la aina mbili kuu: la karibu milimita 25 na la milimita 50. Mtu ananunua nondo, yaani chuma kirefu cha kuvalisha sahani, Kariakoo leo, sahani kwa jirani aliyehama mwezi ujao, na havikutani. Sahani ya tundu kubwa kwenye nondo nyembamba inacheza huku unanyanyua, na hapo mgongo ndio unaolipa. Beba futi, pima. Nondo ndefu ya mashindano ina mita 2.2 na kilo 20 kabla hujaweka kitu, wala haikati kona ya korido ya nyumba nyingi za kupanga. Kwa chumba cha kawaida, dambeli mbili za kufungua na kuongeza sahani, seti ya kilo 20 au 30, pamoja na benchi la kukunja, zinakutosha mwaka mzima.

Zile dambeli za plastiki zilizojazwa saruji zina bei nzuri, hatukatai. Ila zikidondoka kwenye vigae mara tatu nne, utaanza kufagia unga. Na kama unakaa Kigamboni au Msasani, hewa ya chumvi hairembi: nondo ya kromu ikichubuka tu, kutu inaingia. Futa jasho kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, mara mojamoja paka mafuta ya cherehani.

Mkanda wa mashine ya kukimbilia nao unataka mafuta, ya silikoni, yanayopakwa kati ya mkanda na ubao. Tumewahi kufungua mashine iliyopakwa mafuta ya alizeti. Inanukia chapati, na mkanda umeganda na vumbi kama lami. Ingiza vidole chini ya mkanda mashine ikiwa imezimwa. Ukikuta pakavu, ni wakati wa kupaka. Ukiuacha mkavu, mota inavuta kwa nguvu zaidi, na Luku utaiona inavyokimbia kuliko wewe.

Kabla hatujakuuzia chochote kikubwa, tunaomba picha kwa WhatsApp: soketi utakayotumia, mlango wa chumba pamoja na upana wake, na chumba chenyewe kuanzia sakafuni mpaka darini. Nyuma ya mashine ya kukimbilia tunataka mita 2 tupu, maana anayeteleza hutupwa nyuma. Kama kuna watoto, ule ufunguo wa usalama, ambao bila huo mashine haiwaki, uchomolewe kila mara na uwekwe juu. Na tafadhali, kwenye picha pangaboi lionekane. Mteja mmoja alinyanyua nondo juu ya kichwa, siku ya kwanza kabisa, na pangaboi lilikuwa linazunguka namba 5.