Mwalimu, hiyo betri itoe kitandani leo

Mwalimu wangu, za Nansio huko Ukerewe? Shem na watoto hawajambo? Sisi huku Nyegezi, Mwanza, wazima, joto tu na mvua za kuvizia.

Picha ya ile ndege yako ndogo ya rimoti ikiwa imeshabandikwa mabawa nimeipenda sana, nimewaonyesha jamaa wote huku, yaani foamu ya kufungia TV na bawa limenyooka vile, hongera kwa kweli. Ila ile picha ya pili sijalala vizuri tangu niione. Betri ya ndege inachaji juu ya godoro, chandarua kimening'inia juu yake, na pembeni unaonekana mguu wa mtoto amelala. Nimekupigia hupatikani ndo maana naandika kirefu hivi, naomba usome yote.

Sikukuambia kilichonipata mwezi wa nane maana kilikuwa bado kinaniuma. Tulikuwa Usagara kwenye majaruba, mpunga umeshavunwa, upepo wa ziwani ukaanza mchana vile unavyoanzaga na ndege ikapiga pua kwenye tuta. Betri si inakaa puani, kwa hiyo yenyewe ndo ikapokea kishindo chote. Nikaitoa nikaiangalia, kona moja imebonyea kidogo tu, haijavimba, haina joto, nikapima volti za seli zake, zile betri ndogo tatu zilizounganishwa ndani, mbili zinasoma 3.9 na ya tatu 3.7. Tofauti hiyo ilitosha kabisa kuiacha lakini nikajiambia chaja itasawazisha.

Kesho yake asubuhi nikaiweka kwenye chaja, barazani, chini kwenye sementi, nikaingia ndani kuchukua chai. Sikumaliza hata kumimina. Nikasikia fsssss kama tairi la baiskeli linatoa upepo, harufu inakuja tamu tamu kali kama ile dawa ya kutolea rangi za kucha, natoka nakuta betri imevimba imekuwa duara kama andazi, halafu moshi mweupe mzito, halafu moto. Sio moto wa kuwaka taratibu, unatoka kwa nguvu kama jiko la mchina, seli ya kwanza ikaisha ikawasha ya pili, ya pili ikawasha ya tatu. Kiti cha plastiki kikayeyuka, kanga ya mama mpangaji mwenzangu iliyokuwa kwenye kamba ikashika moto, na moshi ukaingia dirishani kwa mwanangu alikuwa amelala. Nikamtoa mbio anakohoa. Mwalimu, kama ile betri ningekuwa nimeiweka juu ya kitanda chake nisingekuwa na cha kukuandikia leo. Kanga nimemlipa mama wa watu, lakini doa jeusi kwenye sementi lipo mpaka sasa na kila nikilipita moyo unashtuka.

Shida iko ndani kwa ndani. Hizi betri za LiPo (lithiamu polima) zimepangwa tabaka tabaka kama chapati, chanya na hasi, katikati kuna plastiki nyembamba sana inayozitenganisha, na kimiminika chake kinawaka. Ikigongwa plastiki inachanika, chanya inakutana na hasi, joto linazaa joto, hapo hakuna wa kuizuia. Na inaweza kukaa kimya kwanza, ndo inapotudanganyaga. Kwa hiyo iliyoanguka iweke nje mbali na nyumba uitazame, iliyobonyea au kuvimba usiichaji tena hata kama ni mpya na imekula hela. Imalizie umeme nje kwa balbu ya gari ya volti 12 mpaka balbu izime kabisa, na tafadhali isiishie ziwani.

Uliuliza kama unaweza kuweka amp 5 kwenye chaja iwahi kujaa. Hapana. Yako ni 2200 mAh, weka amp 2.2, kama saa moja hivi inajaa. Kwenye chaja chagua LiPo, 3S yaani seli tatu, sio NiMH ambayo ni aina nyingine ya betri, maana ukiiweka NiMH chaja haijui pa kusimama inaendelea kusukuma tu, na seli ya LiPo mwisho wake ni volti 4.2, zote tatu 12.6. Na ule waya mdogo wa pini nne nimeona kwenye picha unaning'inia tu, uchomeke kila unapochaji, bila huo chaja haioni seli moja moja. Ukirusha usiifikishe chini ya volti 3.3 kwa seli, na kama hutarusha wiki hiyo usiiache imejaa, irudishe volti 3.8 kwa seli.

Najua unachaji usiku kwa sababu mchana umeme wa huko unasumbua na wewe uko darasani. Bora ukose kurusha jumamosi moja. Chaji jioni ukiwa umekaa pale pale unasahihisha madaftari, nje, juu ya tofali, mbali na chandarua, mapazia na mafuta ya taa. Ikianza kuvimba chomoa chaja ukutani kama bado unafikika, toa watu, kaa upande upepo unakotoka maana moshi wake una sumu inachoma mapafu, tena usiinamie kuchungulia. Mchanga unazuia cheche na miali lakini haupoozi, maji mengi ndo yanapoza, hayo maneno kwamba maji yanalipua betri hizi usiyasikilize, ila umeme wa ukutani uwe umeshatolewa. Moto ukishika nyumba usipambane nao, piga 114 ya zimamoto.

Nimekununulia chungu kikubwa cha udongo cha kuwekea betri, hapa sokoni Mlango Mmoja, kina mfuniko, usiuzibe kabisa, acha moshi upate pa kutokea. Nakituma na meli ya kesho mchana, ndani nimefungia propela zako mbili za inchi 10 kwa gazeti. Betri nyingine uliyoagiza sijaiweka kwenye mzigo, ntakuja nayo mwenyewe mkononi nikija, ikiwa 3.8 na ncha zake nimezifunga tepu.

Ukipata hii nijibu neno moja tu, kwamba imetoka chumbani kwa mtoto. Msalimie shem, mwambie akiiona tena kitandani aitoe bila kukuuliza.

Ndugu yako, Nyegezi