Tuonyesheni KIEMS kabla ya 2027

Kwa Mhariri,

Uchaguzi ukianza kunukia, Nairobi hujaa wataalamu wa sava, zile kompyuta kuu za tume ya uchaguzi, IEBC. Juzi kwa kinyozi huku Kawangware, mzee mmoja alieleza bila kusita kwamba ukiweka kidole kwenye mashine ya KIEMS, kile kifaa cha kumtambua mpiga kura kituoni, kura yako inaingia moja kwa moja kwenye kompyuta ya tume, na kwamba ni huko inakobadilishwa usiku. Hakuna aliyembishia. Kijana aliyekuwa akinyolewa aliongeza tu kwamba video ya kuthibitisha hayo iko TikTok.

KIEMS haijui umempigia nani. Inasoma alama za kidole kuhakikisha umo kwenye sajili, basi. Kura yenyewe ni karatasi. Jioni huhesabiwa papo hapo kituoni mbele ya mawakala, na afisa msimamizi huandika matokeo kwa kalamu kwenye fomu 34A. Mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni, ndipo kifaa kilekile kikapiga picha ya fomu na kuituma. Mnamo 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilisema matokeo ya kituoni ni ya mwisho. Anayetaka kuiba basi ana kazi ya kueleza karatasi iliyoko mlangoni, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipiga picha.

Sisemi mzee wa watu anaota. Mwaka huohuo wa 2017 Mahakama ya Juu iliagiza sava zikaguliwe, tume isitii kikamilifu, na mnamo Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Ukifungiwa mlango namna hiyo, hata mimi nitaanza kushuku kilicho ndani.

Lakini katika uchaguzi wa 2022 milango ilifunguliwa, na bado tulichanganyikiwa. Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti, kila mtu azisome. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha, kila kimoja kikianza na fomu zake, kwa hiyo stesheni moja ilionyesha huyu anaongoza na nyingine yule. Mitaani watu hawakusema ni suala la mpangilio wa kuhesabu. Walisema stesheni fulani imenunuliwa. Mhariri, hapo hata nyinyi mna deni: mngetuambia mapema mnahesabu vipi.

Kisha ikaja ile asilimia 100.01. Makamishna wanne wa IEBC waliojitenga na matokeo ya urais walidai kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinapita 100, na kwamba ziada hiyo ni kura kama 142,000. Zilipita kwa sababu kila asilimia ilikuwa imekadiriwa hadi desimali mbili. Na hata bila hilo, asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420 hivi, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Hata hivyo ile 142,000 ndiyo iliyosambaa kwenye WhatsApp, na hadi leo kuna wanaoitaja kama ushahidi. Mwaka uliofuata waandamanaji walikuwa bado wanaimba sava ifunguliwe, ingawa Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba fomu za kwenye tovuti na zile za karatasi hazikuwa na tofauti za maana.

Ninachodai ni kidogo. Elimu ya mpiga kura tunayopata huku ni mabango ya jinsi ya kukunja karatasi, tena wiki chache kabla ya siku yenyewe. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. IEBC ilete KIEMS kwenye baraza la chifu sasa, wakati hakuna joto la kampeni. Wananchi waweke vidole. Watu kumi wapige kura ya mchezo, ihesabiwe, fomu ijazwe, ipigwe picha na kutumwa, kisha tuifungue kwenye simu zetu palepale tuone kama ndiyo ile. Mashine ikikwama, ikwame mbele yetu, na karani atuonyeshe sajili ya karatasi hutumika lini na kwa idhini ya nani. Na maelezo yote yawe kwa Kiswahili, maana fomu yenyewe hata waliosoma huikodolea macho.

Mzee wa kinyozi aketi mstari wa mbele. Ana maswali mazuri kuliko anavyodhaniwa.

Mkazi wa Kawangware,
Nairobi