Alaimenti haiponyi gari inayotetemeka

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba gari ikitetemeka kwenye spidi, dawa yake ni alaimenti tu basi, yani kunyoosha tairi zikae mstari mmoja. Hapana jamani. Mi hiyo alaimenti nimefanya mara mbili, hela imeenda na gari ikabaki inatetemeka vilevile kama mgonjwa wa malaria. Alaimenti ni ya gari inayovuta upande mmoja au inayokula tairi upande mmoja. Kutetemeka ni habari nyingine.

Kigari changu ni kidogo, cha mtumba kutoka Japani, nazunguka nacho hapa mjini Tabora na karibu kila wiki naenda nacho Nzega. Sa mwezi wa tano nikaanza kuona nikigusa 90 hivi steringi inacheza mkononi, kwenye 100 ndo balaa, miwani inaruka puani, nikirudi chini ya 80 kimya kabisa utadhani si gari ileile. Nikaipeleka gereji. Fundi akazunguka nayo mitaa ya Ipuli akarudi ananiambia, "Mzee mbona iko freshi?" Ataionaje na yeye kaenda 40! Nikamweleza inatetemeka kwenye 100, akasema basi hizo ni taerodi, zile fito zinazounganisha steringi na tairi. Zikanunuliwa taerodi, wapi. Zikaja boljointi, yale maungio yanayoshikilia tairi za mbele, wapi. Shokapu za mbele nazo akaanza kuziangalia kwa jicho baya ila hapo mfuko ulikuwa umeshakauka nikasema fundi ngoja kwanza. Laki mbili na ushee hizo Mhariri, na kila spea ikitoka naambiwa "hii nayo ilikuwa imekwisha", utabisha nini na wewe huijui.

Aliyenitoa hapo ni kijana wa kuziba pancha, yule wa chini ya mwembe na pampu yake. Nilienda kwa pancha tu, maneno ya gari yakaja yenyewe. Akaniuliza, inatikisika steringi au kiti? Steringi. Ukikanyaga breki inazidi? Hapana. Ukikanyaga mafuta je, mlimani? Hapana, ni ile spidi tu. Akasema, "Mzee shikamoo, hebu tuzitoe hizi za mbele zote mbili." Akapiga jeki, akafungua, akageuza upande wa ndani. Tope! Tope la mbuga, lile jeusi, limekaukia kwenye rimu limekuwa kama saruji. Ndo nikakumbuka mwezi wa tatu nilienda kwenye majaruba ya mpunga ya shemeji yangu nikanasa, tukasukuma mpaka jioni. Gari niliosha, lakini vijana wetu wa kuosha magari wanaosha kinachoonekana na macho.

Akalibandua kwa bisibisi. Bonge kubwa nikalibeba mpaka dukani nikaliweka kwenye mizani ya sukari, gramu 100 kasoro kidogo. Nikacheka, yani gramu 100 ndo zinitese hivi? Mwanangu yuko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), akakaa na kalamu akaniambia baba, kwenye spidi 100 tairi lako la inchi 14 linazunguka karibu mara 15 kwa sekunde moja, hilo bonge linakuwa linavuta kama mzigo wa kilo 15, mara juu mara chini mara mbele mara nyuma. Ukienda 50 nguvu haipungui nusu, inabaki robo. Basi nikaelewa kwa nini fundi wa Ipuli hakuona kitu.

Maswali ya yule kijana nimeyaulizia kwa madereva wa siku nyingi, wanasema ndo yenyewe. Steringi ikicheza anza na tairi za mbele, kikicheza kiti au sakafu anza za nyuma. Ikija pale unapokanyaga breki tu, angalia diski. Ikizidi unapovuta mafuta, angalia draivu shafti, ile fito inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, na jointi zake. Na hizo taerodi hazinunuliwi kwa kubahatisha, inua gari, shika tairi kushoto na kulia utikise, kisha juu na chini, kama kuna kitu kimelegea utakisikia mkononi. Dakika tano hizo na ni bure.

Nisiseme uongo, tope lilipotoka haikupona yote, kuna kautetemeshi kalibaki. Nikaenda kwenye mashine ya balansi, ile inayopima kama uzito wa tairi uko sawa pande zote, tairi moja kumbe risasi yake, kile kichuma kidogo cha kusawazisha uzito, ilishadondoka zamani, alama yake ipo kwenye rimu, wakapiga nyingine ya gramu 35. La pili mashine ikasema liko sawa, lakini ukilizungusha unaliona linapanda na kushuka, lina uvimbe pembeni. Uvimbe hautibiwi na risasi, na siku likipasuka na wewe uko 100 hatutaongea haya. Kusoma tarakimu nne za mwisho ubavuni ikawa 1114, yani wiki ya 11 ya mwaka 2014, na mimi nililinunua la mtumba nikiambiwa ni kama jipya. Nikalitoa, nikaweka jipya.

Juzi nimeenda Nzega na kurudi, steringi naishika kwa vidole viwili. Bonge la tope nimeliweka dirishani sebuleni, mama watoto kila akifagia anauliza hili nalo linasubiri nini hapa.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora